Binti kapata ufadhili wa Ujerumani, ukoo unauliza atarudi na nini

BARUA

Dada mshauri, kamwene.

Mimi ni mzazi wa watoto watano, naishi pembeni kidogo mwa Mafinga. Biashara yangu ni mbao. Nilianza enzi za kupasua magogo kwa msumeno wa kuvutana, mmoja juu mwingine shimoni, na sasa nina mashine moja ya kupasulia mbao, ile ya dingdong, na vishamba vyangu vya paini. Shule niliishia darasa la saba ila kusoma sijaacha, na safu yako huwa ananifungulia mjukuu kwenye simu.

Binti yangu wa tatu ana miaka 27. Alisoma misitu pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, akamaliza vizuri, akapata ajira kwenye shamba la miti huku huku kwetu Mufindi. Kazini ana zaidi ya miaka miwili. Mwaka jana akaanza kukesha na kompyuta, mara anatafuta barua ya mwajiri, mara vyeti, sisi tukadhani anabadilisha kazi. Mwezi uliopita akatuita mimi na mama yake, akasema amepata ufadhili wa DAAD, ule wa Wajerumani, akasome shahada ya uzamili ya misitu kwenye mji unaoitwa Göttingen. Ni miaka miwili, na masomo yanaanza Oktoba.

Dada, badala ya kushangilia tumekaa kama tumefiwa. Mama yake halali. Kaka yake mkubwa, ambaye ni mwalimu wa sekondari, anasema uzamili hata SUA upo, na siku hizi mihadhara ya maprofesa wa Ulaya unaisikiliza umekaa jikoni unachoma mahindi, sasa kwenda kuteseka na baridi ni kwa ajili gani? Shangazi yake yeye anahesabu miaka tu: anaondoka na 27, anarudi anagonga 30, nani atamwoa? Halafu kaka yangu, ambaye ndiye mtunza mambo ya ukoo wetu, akatoa neno kwenye kikao: "Hao ndio waliobeba fuvu la Mkwawa. Leo tunawapelekea na mtoto?" Watu walicheka, ila mimi neno lile halijaniacha.

Kuna na jambo jingine. Kijiji cha jirani yupo kijana aliyekwenda nje, nchi siitaji. Baba yake alipofariki alituma hela ya jeneza, na siku ya maziko akatokea kwenye simu iliyoshikwa na binamu yake. Hela ilipokelewa. Lakini maneno yaliyosemwa pale msibani mimi niliyasikia, na sitaki yaje kusemwa juu ya mtoto wangu.

Upande wa fedha, bwana mmoja hapa mjini anayejua mambo ya viza ameniambia lazima benki ionekane kuna zaidi ya milioni 30, na kwamba kama sina anaweza kuniazimia salio kwa muda, kwa malipo. Nina ekari nne za paini, zina miaka kumi. Mnunuzi nimeshaanza kuongea naye.

Swali langu si la mshahara. Kwamba akirudi na cheti cha Ulaya atapanda cheo, hilo nalisikia kila mahali, na likitokea nitashukuru. Nauliza yeye mwenyewe, yule mtoto niliyemlea, kama mtu, atanufaika na nini kule ambacho hapa hakipo? Nilimuuliza, akanijibu, "Baba, nitajifunza mengi." Jibu hilo halinitoshi. Hata kwenye basi la Mbeya mtu unajifunza mengi.

Baba wa Binti, Mafinga

JIBU

Kamwene mzee wangu, na shikamoo. Hongera. Naanza na neno hilo kwa sababu katika barua yako yote sijaliona, na nina wasiwasi kwamba hata huko nyumbani binti hajaambiwa.

Nianze na miti, maana mnunuzi anaweza kufika kesho na panga la kutia alama. Usikate. Wewe unajua kuliko mimi kwamba paini ya mbao nzuri inataka kuvuka miaka 18, na kwamba ukiikata na kumi unauza vijiti kwa bei ya vijiti. Nusu ya watoto wa Mufindi na Njombe wamesomeshwa kwa miti iliyokatwa kabla ya wakati, na siwalaumu wazazi hata kidogo. Ila safari hii hakuna anayekudai.

Huyo bwana wa viza amekuambia nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayomlisha. Ni kweli Ujerumani humtaka mwanafunzi anayejilipia aonyeshe fedha za kuishi. Kiwango chao ni euro 11,904 kwa mwaka, ambazo huwekwa kwenye akaunti maalumu na mwanafunzi akawa anatoa kiasi kidogo kila mwezi. Kwa hela yetu hiyo inavuka milioni 30. Mwenye ufadhili wa DAAD anapeleka barua ya ufadhili wake, basi. Na salio la kuazima ni udanganyifu mbele ya ubalozi. Likigundulika anayeharibikiwa ni binti, yule bwana atakuwa ameshakula chake.

Ufadhili wa namna hiyo, wa watu wenye shahada ya kwanza na uzoefu wa kazi wa miaka miwili au zaidi, humpa mwanafunzi euro 992 kwa mwezi, bima ya afya na mchango wa nauli, na wengi hulipiwa pia kozi ya Kijerumani kabla ya masomo. Kinachobaki kwako ni vitu vya kawaida: pasipoti kama hana, ambayo ada yake ni shilingi 150,000, nauli ya kwenda ubalozini Dar es Salaam na kurudi, na akiba kidogo ya wiki za mwanzo kabla posho ya kwanza haijaingia. Na wale watakaoanza kukuambia sasa mtatumiwa hela kutoka Ulaya, wanyamazishe mapema. Posho hiyo inatosha mtu mmoja anayebana matumizi. Binti anayetumiwa orodha ya bati na ada za wadogo zake kila mwezi ataishia kuosha vyombo hotelini usiku, na hapo hiyo faida unayoniuliza ataipitia mbali.

Sasa swali lako. Nimelipenda kwa sababu wazazi wengi wananiandikia kuhusu cheti. Mimi mwenyewe nilipata bahati ya kusoma Ujerumani kabla sijarudi kufanya kazi hapa Mbeya, kwa hiyo nitakujibu kwa ninayoyajua.

Mwalimu, kaka yake, hajakosea. Mihadhara ipo kwenye simu, na vitabu vingi pia. Uzamili wa misitu SUA upo, wanaofundisha pale wanaheshimika, na kama binti angekosa ufadhili ningemwambia aende Morogoro bila kinyongo. Kitu ambacho simu haiwezi ni kukugeuzia swali. Kule kuna vipindi ambavyo mwanafunzi ndiye anayewasilisha mada, wenzake kumi na watano wamekaa duara, profesa kakaa katikati yao. Unasoma kazi yako uliyoiandaa kwa wiki nzima, unamaliza, profesa anavua miwani anasema: umetueleza vizuri wataalamu wanasemaje, sasa wewe unaonaje? Kimya. Mimi nilitazama meza. Nimelelewa Rungwe, mzee wangu. Mtoto wa kike kwetu anapiga magoti kusalimia, na mbele ya mkubwa maoni yake ni "ndiyo". Kwenu Uheheni sidhani kama kuna tofauti kubwa. Mtu mwenye mvi anapokuuliza unaonaje na kweli anasubiri, hujui hata mikono uiweke wapi.

Unazoea. Unajifunza kusema "sikubaliani, na sababu yangu ni hii" bila kupandisha sauti na bila kumdharau mtu. Unajifunza pia kusema "sijui" mbele ya watu na dunia isianguke. Heshima ya nyumbani haipotei. Nikifika Tukuyu magoti bado napiga. Lakini fikiria kazi ya binti yako. Kila siku anasimama kwenye shamba la miti mbele ya wanaume waliomzidi umri, wenye misumeno ya mnyororo mikononi, na anatakiwa awaambie kwamba kiwanja hiki hakikatwi bado. Na jiandae, kwa sababu wa kwanza kuambiwa hivyo akirudi utakuwa wewe, juu ya hizo ekari nne.

Faida nyingine ni ya kuwa si mtu wa yeyote. Hapo Mafinga yeye ni binti wa mzee fulani. Akienda benki kuna anayemjua, akikwama barabarani kuna dereva wa lori la mbao atakayempa lifti kwa jina lako. Göttingen hakuna anayejua jina lako. Wiki mbili za kwanza sheria inamtaka akajiandikishe anwani yake ofisi ya mji. Juu ya hapo afungue akaunti, ashughulikie bima, apate chumba hosteli, na kila ofisi ina karatasi zake na saa zake. Hakuna wa kumpigia simu amfanyie mpango. Hata ratiba ya darasa ina mambo yake: ikiandikwa saa nne pamoja na herufi "c.t.", kipindi kinaanza saa nne na robo, na mgeni ambaye hajaambiwa anakaa peke yake ukumbini akidhani profesa ni mchelewaji. Haya yote ni madogo na yanachosha kweli. Ila mtu akishayapita peke yake, tena kwa lugha aliyoanza kujifunza juzi, anakuwa mtu mwingine mbele ya kaunta yoyote. Nawaona waliorudi: hawaulizi "tunamjua nani pale?" Wanaingia na karatasi zao.

Jiko la hosteli watu hulitumia pamoja. Hapo ndipo penye nusu ya masomo, kama ukitaka kuniamini. Atasonga ugali wa unga wa mahindi wa Kiitaliano, wenye rangi ya njano na chenga kubwa, ambao haushikani vizuri mpaka uuzoee, na pembeni yake kuna Mnepali anachemsha dengu na Muethiopia anatafuta mahali pa kuweka sufuria. Watagombana kuhusu takataka kwanza, kwa sababu kwa Wajerumani karatasi, plastiki, chupa na maganda kila kimoja kina pipa lake. Baadaye wataongea. Mnepali atamwambia jinsi vijiji vya kwao vinavyosimamia na kutumia misitu kwa kamati zao wenyewe, na binti atashangaa kuulizwa: si hata ninyi Tanzania mnayo hayo? Maana kwenye fani hiyo nchi yetu inasomwa. Misitu ya vijiji ya Duru-Haitemba kule Babati, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliyowapa wanakijiji nafasi ya kusimamia msitu wao, ni mifano inayotajwa madarasani huko nje. Binti atajikuta anapiga simu nyumbani kuuliza msitu wa kijiji chenu unaendeshwaje. Kwa miaka 27 hakuwa na sababu ya kukuuliza.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu yeye ni mtu wa misitu na ninyi ni watu wa misitu, na ndipo ninapoona faida kubwa kuliko zote.

Mwaka 1713 kule Saxony bwana mmoja wa mambo ya migodi, Hans Carl von Carlowitz, aliandika kwamba haifai kukata miti kuliko inavyoota upya. Hakuwa na mapenzi ya maua. Migodi ilikuwa inakula kuni nyingi za kuyeyushia madini, misitu inaisha, na yeye alitaka migodi isifungwe. Wajerumani wanamhesabu miongoni mwa waanzilishi wa fikra ya kutumia msitu bila kuumaliza. Binti atatembezwa kwenye misitu ya mti wanaouita Buche, na pengine ya mialoni, ambayo huachwa isimame zaidi ya miaka mia moja ndipo ivunwe. Aliyepanda hakuona hata ubao mmoja. Kwa mtu wa Mufindi, ambako mti ni ada ya shule ya Januari ijayo, kusimama chini ya mti ambao babu wa babu wa mtu aliupanda kwa ajili ya watu asiowajua kunasumbua kichwa. Ni vizuri kisumbuliwe.

Halafu watampeleka Harz. Ni milima, si mbali na Göttingen. Huko kwa miaka mingi walipanda mti mmoja tu kwa wingi, Fichte, wa jamii hiyo hiyo ya paini, kwa sababu unakua haraka na mbao zake zinauzika. Ukame ulipoingia kuanzia 2018, miti ikadhoofika, wadudu wanaokaa chini ya gome wakaishambulia, na mlima kwa mlima ikafa imesimama. Kijivu kitupu. Hao ndio mabingwa wa misitu duniani, wenye vyuo vya misitu vya zaidi ya miaka mia mbili, na bado limewakuta. Binti yako amekulia karibu na Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, ambako macho yanakutana na paini upande huu na paini upande ule. Sihitaji kukueleza atakachofikiria akiwa amesimama pale.

Mzee wangu, hilo ndilo hapa hakuna wa kumpa. Mtu ambaye hajatoka, hata akiwa na akili namna gani, Ulaya anaipima kwa masimulizi: ama ni peponi, ama ni kwa wakoloni. Anayekaa, akapanga foleni, akagombania pipa la taka, akaona walichopatia na walichoharibu, anaacha kuiogopa na anaacha kuiabudu. Siku mtaalamu mgeni atakapokuja Mafinga na mradi wake na kompyuta yake, binti yako atamsikiliza, atachukua la maana, na lisilofaa atalisema hapo hapo.

Kaka yako na fuvu la Mkwawa. Simcheki mimi. Anachokumbuka ni cha kweli: Mkwawa, chifu wa Wahehe, alijiua kwa bunduki mwaka 1898 ili asikamatwe, kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Ujerumani, na mkataba wa Versailles wa 1919 uliwataka Wajerumani wakirudishe, lakini fuvu lililopo kwenye makumbusho ya Kalenga halikurudi mpaka 1954. Na yapo mabaki ya wazee wetu wengine na vitu vyao ambavyo bado viko kwenye makumbusho ya kule, na madai yake yanaendelea. Rais Steinmeier alifika Songea mwaka 2023 akaomba radhi kwa yaliyofanyika wakati wa vita vya Maji Maji. Kumbukumbu za mambo hayo zimeandikwa Kijerumani, nyingine kwa mwandiko wa kalamu wa zamani. Nani atazisoma kwa niaba yetu kama watoto wetu hawaendi? Mwombe kaka yako amkalishe binti jioni moja kabla hajaondoka amsimulie vita vya Lugalo na Kalenga, yote anayoyajua. Ataulizwa na Wajerumani wenyewe, tena vijana, na ni aibu Mhehe kujibu kwa kutafuta kwenye simu.

Sasa yale yasiyopendeza. Desemba kule jua linazama saa kumi na dakika chache jioni. Baridi haitamshinda, mtu aliyezoea Julai ya Mufindi ana nafuu kuliko Mzanzibari, lakini giza ni kitu kingine na linaingia moyoni. Kutakuwa na siku ambayo kiti cha pembeni yake kwenye basi kitabaki kitupu hadi mwisho wa safari, na atajua sababu. Na msiba ukitokea, mzee, huenda asifike. Siwezi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwenye hilo. Unachoweza kufanya ni kulimaliza kabla: kaeni ninyi wazazi na yeye, mbele ya kaka yako, mseme wazi kwamba likitokea la kutokea yupo kwa baraka zenu, na atakayesema maneno msibani ajibiwe na kaka yako, si na mama yake. Ukoo ukishasikia hivyo kikaoni, maneno yanapungua sana. Yule kijana wa jirani nadhani hakuna aliyemfanyia hivyo.

Kwa shangazi, mpeni salamu zangu. Ndoa ya mwenye miaka 30 inafungwa kwa cheti kile kile na pete ile ile. Na mwanaume anayemkimbia mwanamke kwa sababu kasoma, ni afadhali akimbie kabla ya mahari.

Nisiwe mtu wa kusifia tu. Nimewaona waliokwenda wakarudi walivyokuwa. Walijifungia na Watanzania wenzao, chakula cha nyumbani, habari za nyumbani kwenye simu mchana kutwa, na Ujerumani waliiona kupitia dirisha la hosteli. Nimewaona pia watoto wa kidato cha sita waliosafirishwa na mawakala kwenda vyuo ambavyo hata wazazi hawakuvijua, wakaishiwa hela mwaka wa kwanza. Angekuwa ni wa hivyo ningekuandikia barua nyingine kabisa. Binti yako ni mtu mzima, ana shahada, ana kazi, anajua anachokwenda kukitafuta, na kakipigania mwenyewe usiku bila kumsumbua mtu. Mwambie tu achague hosteli yenye mchanganyiko wa mataifa, na Kijerumani asikiache hata kama masomo ni ya Kiingereza, maana bila Kijerumani atawajua wageni wenzake tu. Azungumze na mwajiri wake apate ruhusa ya masomo kwa maandishi, asiache kazi kwa mdomo. Na akirudi, shahada yake aipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe, mapema, kabla hajaanza kuihitaji.

Mama yake naye apewe simu moja ya uhakika kwa wiki, Jumapili baada ya kanisa, siku nyingine mwacheni msichana apumue. Akipigiwa kila jioni kuulizwa amekula nini hatatoka chumbani, na mama atazidi kuumia kwa kila sauti ya mafua.

Lililobaki ni la haraka. Miadi ya viza ubalozini huwa haipatikani kwa siku mbili, na Oktoba si mbali, kwa hiyo aiombe wiki hii hii wakati ninyi mnaendelea kuongea. Kikao cha ukoo kiiteni tena, na safari hii mwacheni binti ajieleze mwenyewe. Muulize lile swali lako tena hapo, mbele ya watu wote. Akikujibu tena kwamba atajifunza mengi, mwambie bado halitoshi na umsubiri aendelee. Aanze mazoezi ya "wewe unaonaje" na baba yake.